Mchumba Aliyetoka Majini Akiwa Mkavu

Shule ya Msingi Isengati,
karibu na Kigongo, Mwanza
3 Machi 1974

Mpendwa Shangazi Celestina,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na goti lako limepunguza ukorofi. Mimi sijambo, ila nimekonda kidogo kwa ajili ya huu unga wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, tunaogawiwa. Ugali wake una rangi nzuri kama maua ya altareni, lakini ukiutia mdomoni unajiuliza umemkosea nani. Kila siku saa saba mchana nakumbuka ndizi zako. Niambie kahawa imezaa vipi huko Kamachumu, na kama yule mbuzi mweupe amekwisha kuzaa.

Kazi inaendelea. Asubuhi nina darasa la tatu, jioni nawafundisha watu wazima kusoma na kuandika. Anayenitoa jasho kuliko wote ni Mzee Ndalahwa, balozi wetu wa nyumba kumi. Jina lake mwenyewe analiandika vizuri sana, la mtu mwingine hawezi. Kwa hiyo daftari lake la watu wa nyumba kumi nalijaza mimi, yeye anasimama nyuma yangu akikohoa kwa heshima.

Sasa kaa chini, Shangazi, kama umesimama.

Jumamosi moja mwezi uliopita nilikuwa nafua kwenye mawe ya ziwani, jua la utosi, peke yangu. Mche wa sabuni ukaniponyoka ukazama. Unajua sabuni ilivyo adimu siku hizi; nilikaa kwenye jiwe nikitaka kulia. Mara mwanamume akatoka majini mbele yangu, akaniwekea sabuni yangu kiganjani. Sabuni ilikuwa kavu. Naye alikuwa mkavu, kuanzia nywele mpaka pindo la suruali. Nikamwuliza ametoka wapi. Akasema, "Si umeniona nikitoka?"

Ningekimbia, najua. Badala yake nilicheka. Tangu siku hiyo kila Jumamosi mchana yupo. Anaitwa Chenge. Ananichekesha mpaka mbavu zinauma, na ananiuliza mambo ambayo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza, kama vile nikifundisha huwa nasikia sauti yangu mwenyewe au la. Anaepua sufuria motoni kwa mikono mitupu. Nilipompikia samaki alikula, ila aliyetiwa chumvi alimsogeza pembeni kwa adabu. Mimi si mtoto, naona ninachokiona. Nakuandikia wewe kwa sababu wazazi wangu hawapo na wewe ndiye uliyenilea, na nisipokuambia wewe nitamwambia nani. Nampenda, Shangazi. Nimekwisha kuandika, basi.

Njoo unione likizo ya Juni. Nitakulipia nauli ya meli.

Wako akupendaye,
Renatha


Kamachumu, Bukoba
28 Machi 1974

Mwanangu Renatha,

Marahaba. Nimepata barua yako. Goti ni lile lile. Mbuzi mweupe alizaa wawili, mmoja akafa, aliyebaki ana kelele za watatu. Kahawa si haba. Nimeshona kanzu sita za watumishi wa altare, na padre amesifu mishono, sasa wote wanaleta suruali zao zilizochanika wakidhani mimi ni fundi wa bure.

Suala la kuja Mwanza, unajua sipandi meli. Hatujaanza leo.

Barua yako nimeisoma mara moja tu, inatosha. Nakujibu kwa maswali. Akikaa juu ya jiwe lenye jua, je, akiondoka unalikuta jiwe baridi? Kuku humkimbia? Huanza kucheka kabla hujamaliza kusema jambo la kuchekesha, kama aliyekwisha kulisikia? Kama jibu ni ndiyo, huyo ni shetani wa majini, na tumwite hivyo hivyo. Usiniletee mambo ya "mtu wa ziwani". Umebatizwa, umesomeshwa kwa masista, nami nimekufunga kitambaa cha kichwa siku ya komunyo yako kwa mikono yangu hii.

Sikiliza basi. Mgeni akikaa kijijini lazima apelekwe kwa balozi aandikwe, si ndiyo amri? Mpeleke huyo wako. Kama ni mtu ataandikwa. Kama si mtu, akiona daftari limefunguliwa atakimbia na hutamwona tena. Utalia mwezi mmoja, utapona. Mapenzi ya namna hiyo mwisho wake ni mbaya, mwanangu, na ubaya wenyewe sio ule unaoufikiria.

Usimwambie mtu mwingine. Kula vizuri.

Shangazi yako,
Celestina


Isengati
21 Aprili 1974

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Hongera kwa mbuzi na pole kwa yule aliyekufa. Mvua huku imetusahau, pamba imebaki fupi fupi. Mwalimu mkuu wetu amepata mtoto wa saba na amenuna wiki nzima kama vile amemwokota njiani.

Nimefanya ulivyosema. Nilimwambia Chenge, "Twende kwa balozi ukaandikwe." Aliacha kucheka, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akasema, "Wewe ndiye utakayeandika?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi twende."

Mzee Ndalahwa alikaa kitako akiuliza, mimi nikaandika. Jina? Chenge. Ametoka wapi? Ziwani. Mzee akanigeukia: "Wavuvi wote husema hivyo, andika Ukerewe." Umri? Chenge akatazama juu akahesabu mpaka mzee akachoka, akasema, "Andika thelathini." Kazi? Chenge akasema hana. Shangazi, mzee alikasirika kweli. Alimwambia hapa hakuna mtu asiye na kazi, hii ni nchi ya wafanyakazi na wakulima. "Andika mkulima. Kesho aje shamba la kijiji na jembe." Nikaharibu herufi moja. Nilimtazama Chenge. Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa nguvu, uso umempauka, lakini hakukimbia.

Nilipomaliza kuandika, mke wa mzee alileta chai. Chenge akashika birika kama alivyozoea, kwa mkono mtupu, akaungua. Aliachia birika, akavitazama vidole vyake, akaanza kucheka huku machozi yanamtoka. Mzee Ndalahwa aliniuliza kwa kunong'ona kama mgeni wangu ana kichaa kidogo.

Sasa ana jembe, na amepewa chumba cha nyuma kwenye ghala la ushirika. Juzi aliingia ziwani kuoga akatoka ameloa chapa chapa, meno yanagongana, akashangaa nilivyomshangaa. Na mimi nimefurahi, sitakuficha. Dawa yako haikufanya kazi.

Ila nina swali. Ulijuaje kwamba hucheka kabla sijamaliza kusema? Sikukuandikia hilo.

Wako,
Renatha


Kamachumu
30 Mei 1974

Renatha mwanangu,

Marahaba. Huku ni salama. Kengele mpya ya kanisa imefika ina mlio wa sufuria, lakini askofu amekwisha kuibariki, hatuna la kufanya. Senene walishuka kwa wingi wiki tatu mfululizo, panzi mpaka kitandani. Nimekukaangia kibuyu kizima, analeta mama mmoja wa hapa anayekuja Mwanza kumwona mwanawe. Nimewatia chumvi nyingi. Mpe na huyo wako, tuone.

Umeniuliza nilijuaje. Watu wazima wanajua mambo.

Mimi nami nakuuliza. Tangu aandikwe, ameugua? Akikohoa usidharau. Akipata homa mfunike, na asilale chini. Maji ya kunywa mchemshie. Usiku ana baridi kuliko sisi kwa sababu hajazoea, mtafutie blanketi la pili, usimpe shuka tupu.

Sina zaidi.

Celestina


Isengati
7 Julai 1974

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Senene wamefika. Nilipanga kumwekea nusu na nusu nile mimi. Nilikwenda kuteka maji, kurudi nakuta kibuyu kitupu na Chenge analamba chumvi vidoleni. Ametubu. Anasema mwambie aliyekaanga kwamba kama hiyo ndiyo chumvi, wenzake wote kule chini wamepoteza muda. Blanketi la pili nimepata, ahsante. Sitakuuliza tena unajuaje mambo ya baridi yake. Nasubiri uniambie mwenyewe.

Pamba tumechuma. Yeye ni mchumaji mbovu ajabu, anachuma kichaka kimoja akisimulia hadithi mpaka wenzake wote wanasimama kumsikiliza. Bwana shamba amemhamishia kubeba magunia. Mikutanoni anabishana. Jioni darasani anakaa benchi la mbele na kuandika huku ulimi uko nje. Anaandika "baba", "mama", "debe". Jina lake bado linamshinda, ile herufi ya G anaigeuza inatazama nyuma.

Amenieleza mwenyewe jambo la kuandikwa. Kwao jina halina maandishi. Aliyeandikwa kwa watu amehesabiwa na watu, na mtu aliyehesabiwa ataugua, atazeeka, atafariki. Jina likitoka daftarini, anarudi majini siku ile ile na anaendelea kuishi bila mwisho, ila njia ya kurudi kwa aliyemwacha haitamfungukia tena. Nilimwuliza, "Na ulilijua hilo siku ile kwa balozi?" Akasema alilijua. Niliona aibu, Shangazi. Mimi nilimpeleka ili nimfukuze.

Ananiomba nimwoe. Ndiyo, hivyo hivyo ndivyo alivyosema, nikamsahihisha kwamba yeye ndiye anayeoa. Ameanza mafundisho ya dini. Katekista analalamika kwamba kila akisimulia gharika, Chenge anamrekebisha. Nampenda mpaka nachoka. Wiki iliyopita alipata homa ya siku mbili. Tulicheka baadaye alivyoapa kwamba anakufa. Safari hii tulicheka.

Tuandikie. Posta ya Kigongo wamechoka kuniona.

Renatha


Isengati
25 Agosti 1974

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Ni wiki saba sasa sijapata neno lako. Kama meli imeharibika nitasikia, kama umenikasirikia niambie. Nakuandikia tena kwa sababu sina amani.

Chenge aliugua tena, na safari hii si ya kuchekesha. Malaria ilimpanda kichwani. Tulimpeleka zahanati juu ya kitanda, wanaume wanne wakipokezana. Siku sita hakunitambua. Alikuwa anaongea lugha yake ya chini ya maji, na midomo imempasuka. Mganga wa zahanati aliniambia niwaite ndugu zake. Ndugu gani, Shangazi? Nilisimama pale nje nikitazama ziwa nikajua kwamba ndugu zake wote wamo mle ndani, wazima, hakuna hata mmoja aliyewahi kuumwa kichwa, na ni mimi niliyemtoa kwao. Amepona. Anatembea kwa fimbo, na amepata mvi tatu juu ya sikio. Anawaonyesha watu kwa majivuno.

Sasa hili. Ile operesheni ya vijiji imetufikia. Kijiji chote kinahama kutoka ufukweni kwenda juu barabarani, maili nne, njia ya Misungwi. Tarehe kumi na tano Septemba tunaanza kuandika daftari jipya la kijiji kipya, na madaftari ya zamani Mzee Ndalahwa ameambiwa ayachome. Anayeandika jipya ni mimi.

Umeelewa ninachotaka kusema. Nimeamua nitaruka jina lake. Sitamwambia. Nitaandika wote, nitafunga daftari, la zamani litachomwa, naye atarudi alikotoka akiwa mzima na hatazikwa na mtu yeyote. Nikimwambia atakataa, unajua alivyo mbishi. Nikimwacha akae atakufa mikononi mwangu, kama si mwaka huu, mwaka mwingine. Siwezi kuona siku sita kama zile mara ya pili. Mimi nitaendelea kufundisha. Watu wanaishi hivyo, wewe mwenyewe umeishi peke yako na hujafa.

Niombee tu.

Renatha


SIMU YA MAANDISHI
Bukoba, 4 Septemba 1974

KWA MWALIMU RENATHA ISENGATI KIGONGO. USIMRUKE. MWULIZE KWANZA. NAKUSIHI MWULIZE. BARUA INAFUATA. SHANGAZI


Kamachumu
5 Septemba 1974

Mwanangu,

Safari hii nitaruka habari za mbuzi.

Jana nilitembea na goti langu mpaka barabarani, nikapanda lori la kahawa mpaka Bukoba kupeleka simu ile, kwa kuwa niliogopa barua haitawahi. Karani wa posta alisema, "Mama, maneno mengi." Nikamwambia apeleke yote.

Umesema nimeishi peke yangu na sijafa. Neno hilo nimelisoma nikiwa nimekaa jikoni, na nilikaa hapo mpaka moto ukazimika. Sasa nakuambia nilichokunyima.

Mwaka 1938 nilikuwa na miaka kumi na tisa. Tulikaa chini huko Kemondo, ufukweni, kabla hatujapanda huku mlimani. Nilimpata wangu kama wewe ulivyompata wako, mchana, nikiloweka mihogo. Alikuwa anacheka kabla sijamaliza kusema. Kwa hiyo ndivyo nilivyojua. Nilimpeleka kwa katekista Antoni akaandikwe kwenye daftari la wakatekumeni, wale wanaosubiri ubatizo, akapewa jina la Longino. Hakujua kuandikwa ni nini, maana alikuwa wa kwanza kati yao kuandikwa upande ule. Alifurahi na jina kama mtoto aliyepewa muwa. Baada ya wiki akaanza kukohoa. Miezi mitatu, Renatha. Alikuwa analala chini kwa sababu sikujua, na shuka moja kwa sababu sikuwa na la pili. Nilipoona amekwisha kabisa, niliingia kanisani mchana watu wakiwa shambani, nikafungua daftari la Antoni, nikalikwangua jina lake kwa wembe.

Niliporudi, mkeka ulikuwa mtupu na mlango uko wazi.

Niliuambia moyo wangu kwamba nimemwokoa. Ndiyo, nilimwokoa. Lakini sikumwuliza. Alikuwa na akili zake timamu mpaka asubuhi ile, alikunywa uji, alinisifia uji, na mimi nilikuwa nimekwisha kuamua na wembe nimeufunga kwenye pindo la kanga. Ningeweza kusema tu, "Longino, unataka nini?" Sikuweza kustahimili nisikie jibu. Nilichokiita huruma kilikuwa woga wangu mwenyewe. Kwa miaka thelathini na sita nimekuwa nikimjibia: siku nyingine namjibia ndiyo, siku nyingine hapana, na yote ni sauti yangu mimi. Ndiyo maana sipandi meli. Siwezi kukaa juu ya maji yale.

Nilipokuambia umpeleke kwa balozi nilidhani wote wamekwisha kusikia habari ya Longino, na huyo wako atakimbia. Nilitaka uumizwe kidogo usije kuumizwa sana. Nisamehe. Sikudhani kuna mmoja atakayejua mauti iko pale mezani na bado akashika ukingo wa meza akabaki.

Mwulize, mwanangu. Akisema anataka kurudi, mwache arudi na umshike mkono mpaka majini. Akisema anakaa, basi utamuuguza kama wanawake wote wanavyouguza waume zao. Mimi siwezi kukuambia lipi ni jema. Najua moja tu, kwamba maisha ni yake.

Barua zako zote nimezisoma mpaka zimechanika kwenye mikunjo. Hilo nalo nilikudanganya.

Shangazi yako,
Celestina


Kijiji kipya, njia ya Misungwi
22 Septemba 1974

Shangazi wangu mpendwa sana,

Shikamoo, na shikamoo tena. Simu yako ilimfikia mwalimu mkuu, akaisoma mbele ya walimu wote akidhani ni habari ya mtoto aliyerukwa mtihani wa darasa la saba. Ametafuta majina siku mbili. Aliponikabidhi nilikaa chini pale pale ofisini. Barua ilikuja siku kumi baadaye, na nimelia kwa ajili yako, kisha nimelia kwa ajili ya ule wembe.

Tarehe kumi na tano, baada ya misa, tuliweka meza chini ya bati la shule mpya isiyo na kuta. Kabla ya kuanza nilimwita Chenge kando nikamwambia yote. Nilimwambia nilikuwa nimepanga kumruka bila kumwambia. Sijawahi kumwona amekasirika kabla ya hapo. Hakupiga kelele. Alisema, "Nilishika meza ile kwa mikono miwili, Renatha. Ulifikiri nilikuwa nashika nini?" Kisha akageuka akaondoka na fimbo yake, akashika njia ya ziwani.

Nikajua basi. Nilirudi mezani nikaandika watu. Niliandika kaya moja, mbili, saba, kumi na tisa. Sikuona hata ninachoandika. Mzee Ndalahwa alikuwa nyuma yangu akikohoa, na safari hii akaniwekea mkono begani. Saa tisa alasiri watu walikuwa wamekwisha. Kiberiti cha kuchomea daftari la zamani kilikuwa tayari juu ya meza. Mzee akasema, "Mwalimu, tusubiri kidogo, jua bado lipo."

Tulisubiri. Shangazi, alikuja akipanda mlima polepole, ameloa mpaka kiunoni, anatetemeka, fimbo ameipoteza. Maili nne kwenda na nne kurudi, mgonjwa yule. Nikamwambia, "Nilidhani umeondoka." Akasema, "Nilikwenda kuaga. Mtu anayehama bila kuaga hana adabu."

Nikamwuliza basi, kama ulivyoniambia, mbele ya mzee. Nilisema, "Chenge, unataka nini?" Alichukua kalamu mkononi mwangu, akageuza daftari likamwelekea, akatoa ulimi nje, akaandika jina lake mwenyewe. G inatazama nyuma. Mzee Ndalahwa akauliza umri, maana kazi ni kazi. Chenge akafikiri akasema, "Miezi mitano." Mzee akaandikisha thelathini.

Leo ana homa tena, ndogo. Amelala nyuma yangu ninapoandika, amekunywa klorokwini na analalamika uchungu wake mpaka majirani wanajua. Naogopa, lakini naogopa kama mke. Tutafunga ndoa Jumamosi ya tarehe tisa Novemba, padre amekubali, ingawa katekista ameomba apumzishwe.

Kuna neno moja la mwisho, na sijui kama nafanya vema kukuandikia. Nilimwuliza kama anamjua Longino. Akasema wote wanamjua. Anakaa upande wa Kemondo, na njia haimfungukii mpaka aliyemwacha aje mwenyewe kumwita. Kila meli inayotoka Bukoba inapopita, hupanda kwenye jiwe akatazama abiria mmoja mmoja, halafu anarudi chini. Chenge anasema Longino ana siku zote za dunia, na hajawahi kuisifu hata moja.

Fanya utakavyo. Nakupenda.

Renatha wako


Bandari ya Bukoba
27 Oktoba 1974

Renatha mwanangu,

Marahaba, nawe na mume wako mtarajiwa. Mwambie asiiteme klorokwini, namjua bila kumwona.

Barua yako nilikaa nayo mwezi mzima. Nilipalilia migomba ambayo haikuhitaji kupaliliwa. Juzi Ijumaa nikavaa gauni langu la Pasaka, nikachukua mwavuli, nikashuka Kemondo. Jua la utosi. Palikuwa na wanawake wanaloweka mihogo, nikasubiri waondoke, kisha nikaita jina moja tu, kwa sauti ndogo, maana niliona haya.

Akatoka majini, mkavu, kijana yule yule. Hata shati ni lile nililomshonea mimi. Akanitazama akasema, "Shikamoo, mama. Unamfahamu Celestina?"

Nikasema, "Marahaba." Ningesema nini, mwanangu? Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi lakini hilo sikulifikiria. Nilisimama pale na mvi zangu na mwavuli. Nikamwambia, "Namfahamu. Ni yeye aliyekukwangua kwa wembe bila kukuuliza, na amekuja kukuomba radhi." Alinisogelea, akanitazama mikono, si uso, mikono. Akakaa chini mchangani kama mtu aliyekatwa miguu. Nami nikakaa, goti na yote.

Nikamwuliza, "Siku ile ningekuuliza, ungesemaje?" Akasema, "Ningekaa." Nikalia mbele yake bila aibu. Akaniacha nilie, halafu akasema, "Mimi sijui kuhesabu miaka, Celestina. Umechelewa sana, au kidogo?" Nikamwambia sana. Nikamwonyesha meno yaliyotoka. Nikamweleza kwamba nimebakiza miaka michache, na akikaa atanizika, na atabaki mtu mzima mgeni kati ya watu, bila mimi. Nilimweleza yote, sikuacha hata moja. Safari hii nikamwuliza vizuri, "Unataka nini?"

Barua hii inatangulia na meli ya leo. Sisi tunafuata Ijumaa, utupokee Mwanza asubuhi, na ulete mablanketi mawili. Watu wa melini watadhani ni mwanangu, na wadhani. Tulipokwenda kukata tiketi karani alifungua daftari la abiria, akaandika langu, akauliza, "Na huyu kijana wako, mama, anaitwa nani?"

Nilifunga mdomo wangu, akajitaja mwenyewe.

Shangazi yako,
Celestina